Wifi Ndiye Atakayenisemea

Mtaani pale hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Mnofu, na jina hilo alilipata kwa haki kabisa. Alikuwa na bucha kwenye kona ya barabara, chumba kimoja chenye vigae vyeupe ukutani, kulabu za chuma zikining'inia darini, gogo la kukatia lililobonyea katikati, na mizani ambayo mshale wake ulikuwa hautulii. Mteja akipimiwa nyama, akatazama mshale ule na kukunja uso kidogo tu, Mnofu alikuwa ameshatupia kipande kingine juu. "Haya, na mnofu huo, usininunie." Wajanja waligundua mapema. Walikuwa wanakuja na uso umeshakunjwa tangu barabarani.

Mkewe aliitwa Mama Simu. Kabla ya kustaafu alikuwa mpokea simu wa shirika moja kubwa, na sauti ya kazini ilimfuata mpaka nyumbani. Ukigonga mlango alikuitikia kwa sauti tamu ya puani, "Nikusaidie nini?" utadhani nyuma yake kuna ofisi nzima. Alijua kwa kichwa namba ya kila ofisi ya mjini, na alijua pia ni bosi gani akisema yuko kikaoni yuko wapi hasa. Kwa maneno, mumewe hakuwahi kumweza.

Halafu palikuwa na wifi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Mnofu, mshona sare za shule, mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua kulipaka neno asali. Siku Mnofu alipompelekea mchumba amwone, dada alimsikiliza binti wa watu mpaka mwisho, kisha akamgeukia mdogo wake na kuuliza, "Huyu ana mafua, au ndivyo anavyozungumza?" Tangu siku hiyo wanawake hao wawili hawakupikika chungu kimoja. Salamu zao zilikuwa za mdomoni tu. Kwenye shughuli za ukoo kila mmoja alichagua kona yake, na Mnofu alishinda akienda huku na huku na sahani mkononi, akimtuliza huyu na kumbembeleza yule.

Ugonjwa ulianza kwa vitu vya kuchekesha. Mama Simu aliweka funguo za nyumba kwenye friza ya bucha, chini ya mifupa ya supu. Akauliza kama binti yao ameshapiga simu, akajibiwa ndiyo, akauliza tena kabla chai haijapoa. Mnofu alicheka naye. Kisha siku moja mama huyu alitoka dukani, hatua chache tu kutoka kwake, akasimama katikati ya barabara akiwa hajui ageukie wapi, na magari yakawa yanampigia honi. Hakuna aliyecheka tena. Walikwenda hospitali, wakatumwa kwenye vipimo, wakarudi, wakatumwa tena, mwisho wakaambiwa ukweli: kumbukumbu inakwenda, na haitarudi.

Daktari aliyewaambia alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Hakuwa na haraka. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya Mama Simu.

"Mama, ugonjwa huu unamega taratibu," alisema. "Itakuja siku madaktari watataka kujua wewe unataka nini, na hutaweza kuwaambia. Sasa mimi nakuuliza leo, akili zako zikiwa zako. Siku hiyo ikifika, nani akusemee?"

Mnofu alijiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa amevaa shati la pasi kwa ajili ya hospitali, japo hospitali yenyewe aliiogopa. Watu walishangaa kwamba mtu anayeshinda na damu mikononi hawezi kutazama chupa ya dripu, lakini ndivyo alivyokuwa. Hata hivyo alikuwa amekuja, amekaa, na sasa alisubiri kutajwa, mdomo umeshafunguka nusu.

"Wifi yangu," alisema Mama Simu.

Mnofu akaangua kicheko. "Mama, daktari hajazoea utani wetu."

"Si utani."

Daktari alimtazama huyu, akamtazama yule. "Wifi yako ni nani?"

"Dada yake huyu, mshona sare. Hanipendi sana, ila hajawahi kunidanganya."

Kisha akaeleza, kwa sauti ileile ya mezani kwake kazini, mambo aliyokuwa ameyafikiria peke yake bila kumwambia mtu. Asifungwe kitandani. Asizungushwe hospitali hadi hospitali kwa sababu tu jamaa hawataki kuonekana wamekaa kimya. Akishindwa kula mwenyewe, alishwe kwa kijiko. Akifumba mdomo, aachwe. Mpira wa kumlishia puani hautaki. Wanaomwogesha wawe wanawake, na wamwambie wanachotaka kufanya kabla ya kumgusa, hata kama anaonekana hasikii. Daktari aliandika yote kwenye faili, akamsomea, akamuuliza kama ndivyo. Ndivyo.

"Unaweza kubadilisha siku yoyote," daktari alimwambia, "maadamu anayebadilisha ni wewe."

Walipotoka, Mnofu alitangulia mbele ukumbini. Watu waliojazana kwenye mabenchi walikuwa na shida zao, hakuna aliyemjali, lakini yeye aliona kila jicho limemganda. Shingo ilimchoma. Miaka yote hiyo ya kula sahani moja, kulea mtoto, kuzika wazazi wa pande zote mbili, halafu mbele ya mgeni mwenye kalamu mkewe anamruka na kumtaja mwingine. Na angekuwa mwingine yeyote. Angekuwa hata jirani!

Dada mwenyewe alipopelekewa habari alisimamisha cherehani. "Mimi? Basi kweli ameshaanza kuumwa." Lakini alikwenda. Wawili hao walijifungia chumbani mchana mzima, na Mnofu akiwa sebuleni alisikia sauti zikipanda, zikishuka, mara kimya. Dada alitoka macho yamevimba, akanawa uso bombani, akamwambia tu, "Nimekubali," akaenda zake.

Laiti Mnofu angemuuliza mkewe sababu, pengine mambo yangeishia hapo. Hakuuliza. Aliogopa jibu. Alichofanya ni kutafuta jibu lake mwenyewe, na jibu lililo rahisi lilikuwa mkononi: mke wangu hajui tena anachosema.

Alianza na binti yao, aliyekuwa akiishi mji mwingine. "Mama yako ameshachanganyikiwa," alimwambia kwenye simu. "Anataja watu ovyo." Binti alilia, na kilio hicho, Mungu amsamehe, kilimliwaza kidogo. Kisha akamwambia muuza mboga wa jirani. Akamwambia kinyozi. Akawaambia wateja, akikata mbavu, bila kuulizwa: "Mama Simu wetu ndiyo hivyo tena, kichwa kimeondoka. Juzi kasema maneno mbele ya daktari, mimi nikanyamaza tu." Walimpa pole. Kila pole ilimfunika pale palipokuwa panamchoma.

Maneno hayo hayakubaki buchani. Asubuhi moja Mama Simu alikuwa amekaa barazani kwa jirani, amempakata mjukuu wa mwenye nyumba kama alivyozoea. Siku hiyo alikuwa mzima kabisa. Mama wa mtoto akatoka ndani, akamwona, akasita, kisha akaja na tabasamu lisilo lake, akamchukua mwanawe mikononi mwa bibi yule. "Lete nikupumzishe, bibi." Mama Simu alibaki na mikono wazi. Wanawake wengine waliendelea kuzungumza, lakini sasa walizungumza juu ya kichwa chake, wakiulizana kama ameshakunywa chai, naye yupo hapo hapo.

Alirudi nyumbani akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nani amewaambia watu mimi ni wa kunyang'anywa mtoto?" alimuuliza mumewe.

"Sijui," alisema Mnofu, akainama kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Palikuwa na siku nzuri na siku za ukungu, na Mnofu alijifunza kuzitofautisha mapema asubuhi. Siku nzuri Mama Simu aliamka na kuulizia chumvi. Siku za ukungu aliamka mpole kuliko kawaida, akifuata anakoelekezwa, akikubali kila anachoambiwa. Siku za namna hiyo ungeweza kumwambia kuna jua wakati mvua inanyesha, naye angetafuta kivuli.

Na ilikuwa asubuhi ya namna hiyo Mnofu alipopata wazo. Hatuwezi kusema lilimjia ghafla. Lilikuwa limekaa naye tangu siku ya hospitali, likimsubiri. Mkewe alikuwa ametoka chumbani gauni limegeuzwa nje ndani, akamsalimia kwa heshima kama anavyosalimiwa mgeni wa ofisini. Tarehe ya kumwona daktari ilikuwa bado. Mnofu alimtazama, akaligeuza gauni likakaa vizuri, akasema, "Vaa viatu, tunakwenda hospitali."

Njiani alimfundisha. "Daktari akikuuliza nani akusemee, sema, mume wangu."

"Mume wangu," alisema Mama Simu.

"Tena."

"Mume wangu."

Alimfundisha hivyo mpaka getini, na kila aliporudia kwa usikivu wa mwanafunzi mzuri, kitu fulani kilimkwaruza Mnofu moyoni, akakisukuma kando. Alijiambia anarekebisha kosa. Alijiambia mke wa mtu ni wa mumewe. Alijiambia mengi.

Daktari alishangaa kuwaona kabla ya siku yao, lakini aliwakaribisha. Mnofu alieleza kwamba Mama amebadilisha mawazo, anataka faili lirekebishwe. Alizungumza haraka na kwa wingi. Daktari alimsikiliza, akavaa miwani, kisha akasogeza kiti mpaka magoti yakakaribia, kama mara ya kwanza.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo. Subiri usikate, nakuunganisha."

"Asante. Niambie, siku ukishindwa kuzungumza, unataka nani akusemee?"

"Mume wangu," alisema Mama Simu, wazi, bila kusita.

Mnofu alishusha pumzi.

"Vizuri," alisema daktari. "Na mume wako yuko wapi?"

Mama Simu aliangaza chumbani. Macho yake yalipita kwenye dirisha, kwenye kitanda cha kupimia, yakamfikia Mnofu, yakatulia juu yake kwa upole. Akamrudia daktari.

"Yuko kazini," alisema. "Ana bucha. Huyu bwana amenileta tu, ni mtu mwema sana. Ndiye aliyenifundisha niseme hivyo."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, tuliache faili lilivyo. Tutazungumza siku nyingine, wewe na mimi."

Mnofu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisimama, akaangusha kofia, akainama kuiokota, akakuta mkewe ameshainama kabla yake. Alimkabidhi kofia ile akiipangusa vumbi, na walipofika nje alishika mkono wa shati lake wavuke barabara, akamwambia, "Asante sana, baba. Watu kama nyinyi siku hizi hamko wengi."

Bucha haikufunguliwa siku hiyo. Alimlaza mkewe, akamwomba jirani amtupie jicho, akaenda kwa dada yake.

Dada alikuwa anashona kola za mashati ya bluu, rundo upande huu, rundo upande ule. Mnofu alikaa kwenye kigoda cha wateja wa kupimwa na kumwambia yote: maneno aliyosambaza mtaani, uongo aliomwambia mkewe, somo la njiani, jibu la daktarini. Wakati wote huo cherehani haikusimama. Alipomaliza, dada alikata uzi kwa meno.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Ulitaka nikwambie nini? Kwamba si kitu?"

Mnofu aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungushia kidoleni.

"Ni kitu. Tena kibaya. Mimi na yule mwanamke tumegombana maisha yetu yote, sijawahi kumvizia. Nikimtukana, namtukana ana macho na masikio, na yeye ananirudishia." Alichukua kola nyingine. "Nenda umwambie. Chagua siku ambayo anaweza kukujibu. Si siku ambayo anakushukuru."

Siku hiyo ilichelewa kuja. Mnofu aliamka kila asubuhi akimchungulia mkewe usoni, na kila alipomkuta amefunikwa na ukungu, moyo ulipumua, kisha akaona haya kwa kupumua kwake. Mwishowe ikafika. Mama Simu aliamka, akaonja uji, akasema, "Nani kaufanya uji huu, dobi?" Mnofu alijua saa yake imefika.

Alimwambia akiwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kwa sababu kwenye kiti alijiona yuko juu mno. Mama Simu alisikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwenye lile la "huyu bwana ni mtu mwema," sauti ya Mnofu ilikatika, akasubiri irudi, akamaliza.

Mama Simu alisogeza kando bakuli la uji.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema mkewe. "Yule mtoto alinyang'anywa mikononi mwangu kwa ajili yako."

"Ni mimi."

"Na mimi nikakuuliza, ukafunga viatu."

"Nilifunga viatu."

Mama Simu alitazama nje ya dirisha. Alipozungumza tena sauti ya puani ilikuwa imemtoka. "Unajua kwa nini nilimtaja dada yako? Wewe mtu akikununia tu, unampa anachotaka. Nimekutazama miaka yote ukiwa nyuma ya lile gogo. Sasa nikuache na madaktari, na binti yetu analia, na kaka yangu, unamjua alivyo, wote wamekukodolea macho wanasema fanya hivi, mchome hivi, mpeleke kule? Ungesema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka mwilini mwangu pasibaki pa kuchoma sindano. Halafu ungeishi na hilo. Sikukunyima kitu. Nilikuonea huruma."

Mnofu alikuwa amejiandaa kwa matusi. Huruma hakujiandaa nayo. Ilimwingia mahali ambapo tusi lisingefika, akafunika uso kwa viganja vilivyonuka nyama na sabuni.

"Ungeniuliza tu," alisema mkewe. "Mimi nilikuwepo."

Baadaye alisema, "Uliwaambia watu nimechanganyikiwa. Nenda ukawaambie nilikuwa sijachanganyikiwa."

Akaenda. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba paja la ng'ombe begani. Alimwambia muuza mboga, aliyemtazama kama asiyeelewa habari hizi zinamhusu nini. Alimwambia kinyozi. Alikwenda kwa mama wa yule mtoto, akasimama mlangoni kofia mkononi, na mwanamke yule akaona aibu kwa niaba yake, akasema, "Basi, baba, yameisha." Wateja buchani aliwaambia mmoja mmoja. Wengine walimpa pole tena. Walidhani anakataa ugonjwa, kama wafanyavyo waume wengi. Neno baya lilikuwa limesambaa lenyewe bila kuchoka. Hili zuri alilazimika kulibeba mlango kwa mlango, na wengi hawakulipokea. Mtoto aliletwa kumtembelea Mama Simu mara chache, kisha siku za ukungu zikazidi, zikashikana, na maneno aliyoyasambaza Mnofu kabla ya wakati yakawa kweli.

Wifi alihamia kwao. Alileta cherehani yake, akaiweka sebuleni, akawa anashona na kuuguza. Mama Simu hakumkumbuka kuwa ni nani, lakini hakumpenda vilevile, na dada alilifurahia jambo hilo kwa namna ya ajabu. "Umeona? Bado yumo," alikuwa akisema kila aliposukumwa mkono. Alimwogesha mwenyewe, na kabla ya kumwaga maji alimwambia, "Wifi, sasa naanza mgongo." Kazi nyingine aliziacha kwa Mnofu: kumbadilisha shuka, kumkata kucha, kumsagia nyama laini kabisa mpaka meno yasihitajike.

Ikaja siku chakula kikaenda njia ya hewa, homa ikapanda, wakamkimbiza hospitali. Homa ilishuka, lakini kumeza hakukurudi. Daktari wa wodi, kijana aliyeonekana hajalala vizuri, aliwakusanya ukumbini. Alisema wanaweza kumwekea mpira wa puani alishwe kupitia huko. Alisema pia kwamba kwa hali aliyofikia huenda usimsaidie sana, na wagonjwa wa namna yake mara nyingi huuvuta, wakalazimika kufungwa mikono. Alitaka kujua mgonjwa mwenyewe angependa nini.

"Swali gani hilo?" Kaka wa Mama Simu alikuwa ameshasimama. "Mtu hali chakula, mnauliza? Wekeni!"

Binti alimshika baba yake mkono. "Baba, sema kitu. Tutamwacha afe na njaa?"

Wote walimtazama Mnofu. Daktari naye, akidhani ndiye mwenye neno, alimtazama. Na Mnofu alilisikia neno lenyewe likipanda kooni, laini, limeshaiva: ndiyo. Alilihisi ulimini. Alijua hapo hapo, bila kuambiwa na mtu, kwamba mkewe alikuwa amemsoma sawasawa.

"Hapana," alisema dada yake kutoka kwenye benchi. "Mpira hautaki. Alisema kijiko, na akifumba mdomo aachwe. Mimi ndiye niliyeachiwa maneno."

Ukumbi ulilipuka. Kaka mtu alimwita mchawi. Alimwambia alikuwa akimsubiri Mama Simu afe tangu siku alipoolewa, mtaa mzima unajua walikuwa hawapatani, leo amepata nafasi. Binti alilia kwa sauti. Dada alikaa wima, mikono juu ya magoti, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, na hakujitetea hata kwa neno moja. Mnofu aliyasikia yote hayo akiwa ameinamisha macho, akitazama ncha za viatu vyake. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyomfaa mwanamume kukaa wakati dada yake anatukanwa, na baadaye, katika yote aliyoyafanya, hilo nalo lilibaki likimchoma.

"Alidanganywa!" kaka mtu alikuwa anasema. "Alikuwa mgonjwa, hajui anachosema, huyu akamtia maneno mdomoni!"

Hapo Mnofu aliinua kichwa.

"Shemeji, sikiliza," alisema. "Aliyemtia maneno mdomoni ni mimi."

Shemeji aligeuka.

"Siku alipomtaja dada alikuwa na akili timamu kuliko mimi na wewe. Nilikuwepo. Nikaona wivu. Nikasubiri siku amezidiwa, nikamfundisha njiani kama kasuku, nikampeleka kwa daktari aseme mume wangu. Akasema. Akaulizwa mumeo yuko wapi, akasema hayupo." Alimsogelea shemeji yake. "Ukitaka kujua tofauti ya mke wangu akiwa na akili na mke wangu akitiwa maneno, mimi nimeviona vyote viwili. Yale aliyosema kwanza ndiyo yake. Na mpira aliukataa kwa kinywa chake."

Binti aliachia mkono wake. Alimtazama baba yake kama anayemwona mara ya kwanza, na Mnofu hakukwepa, alisimama atazamwe. Shemeji alisema, "Mshenzi wewe," akachukua koti lake, akatoka. Daktari yule kijana aliinamia makaratasi yake, akaagiza faili la zamani litafutwe, na lilipopatikana lilisema vilevile.

Walimrudisha nyumbani. Dada alimlisha kwa kijiko, uji mwepesi, na alipofumba mdomo kijiko kiliwekwa chini. Binti alikaa pamoja nao, siku za kwanza bila kusema na baba yake ila la lazima, kisha kidogo kidogo akaanza kumwita tena amsaidie kumgeuza mama. Mama Simu alifariki mchana mmoja wa kawaida, dirisha likiwa wazi, Mnofu akimkata kucha za mguu na dada yake akimwambia, "Wifi, nakufuta uso." Hakufungwa, hakuchomwa, hakuhamishwa. Shemeji alikuja mazikoni, akasimama mbali, akaondoka bila kumpa mkono, na mpaka leo hawajapeana.

Kilichomtesa Mnofu baadaye ni sifa. Watu walikuja buchani wakimwambia amemuuguza mkewe vizuri, hakumtupa, waume wa namna hiyo wamekwisha. Mwanzoni alijaribu kuwasahihisha. "Hapana, mimi nilimkosea," alisema, nao wakatikisa vichwa wakasifu na unyenyekevu wake. Akaacha. Alikata nyama na kunyamaza, uso ukimwaka.

Mmoja tu hakumwachia anyamaze. Huyu alikuwa fundi bomba wa mtaa wa pili, aliyekuja wakati hakuna wateja, akajifanya anachagua maini. Mama yake alikuwa ameanza kusahau, alisema. Ameambiwa wamuulize mapema nani atamsemea. "Sasa mzee, wewe umeyapitia. Ulifanyaje?"

Mnofu aliweka kisu chini, akanawa mikono, akamwambia. Alimwambia na yale ya njiani, na yale ya viatu, hakuruka kitu. Fundi bomba alisikiliza akitazama vigae, masikio yakimwiva, kwa maana aibu ya mtu mzima ni nzito hata kwa anayeisikiliza.

"Tatizo," alisema hatimaye, "nadhani mama atamtaja mke wangu. Mimi, mwanawe wa kumzaa, ataniruka."

"Itauma," alisema Mnofu.

"Nifanye nini?"

"Mwache amtaje. Halafu muulize kwa nini, akiwa bado anaweza kukuambia."

Fundi bomba alisimama kidogo, kisha akasema maini atayafuata kesho, akatoka akielekea nyumbani kwa mama yake.